NYUMBA YA KUKAA MTU NA NYUMBA YA KUTEGA

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nipate kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wetu tutakutana nalo mara tu tukishaondoka hapa shuleni, nalo ni hili: mtu mwenye mali kidogo aiweke wapi ipate kumfaa yeye na jamaa zake?

Wasomaji watakumbuka kwamba muhula uliopita chama chetu cha mijadala kilikuwa na hoja isemayo, "Mali ya ng'ombe ni bora kuliko mali ya nyumba ya kupangisha." Mimi nilikuwa msemaji wa pili wa upande wa kupinga. Kura zilipohesabiwa tulishindwa, tena tulishindwa vibaya. Sisemi kwamba tulionewa. Kengele ililia kabla sijafika katikati ya maneno yangu, na hata yale niliyoyasema yalikuwa ya hesabu tupu. Lakini liko jambo moja ambalo sikulisema siku ile kwa sababu ya haya, nalo ni habari ya nyumba ya baba yangu mdogo. Leo nitalisema, kwani naona kulificha hakumfaidii mtu.

Kwanza yanipasa kuwatendea haki wapinzani wangu. Walisema kwamba ng'ombe huzaa, nyumba haizai. Ng'ombe hutoa maziwa, hulima shamba, hulipa mahari, na mgonjwa akizidiwa usiku ng'ombe huuzwa asubuhi akapata kupelekwa hospitali. Nyumba, walisema, huwezi kuuza ukuta mmoja ukabaki na mitatu. Maneno hayo ni ya kweli. Sisi watu wa Tarime na Serengeti tumelelewa na ng'ombe, na asiyemheshimu ng'ombe hajui alikotoka.

Hata hivyo, nauliza: je, ng'ombe watalishwa wapi? Wilaya ya Tarime ina watu wengi, na mashamba ya migomba, mahindi, mihogo na kahawa yamefika hadi milangoni mwa nyumba. Upande wa Wilaya ya Serengeti iko Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1951, na kando yake yako mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti. Huko kulisha mifugo ni kosa, na mwenye kukosa hupoteza fedha au ng'ombe wenyewe. Watu wanazidi, malisho hayazidi. Zaidi ya hayo, ng'ombe ni mali yenye pumzi. Wazee wetu walisimuliwa na wazee wao habari za sotoka ya miaka ya 1890, iliyomaliza mazizi katika nchi zote za huku. Sotoka imekwisha duniani, kwani mwaka 2011 ilitangazwa kwamba imetokomezwa. Lakini ndigana kali ingalipo, ukame ungalipo, na wezi wangalipo. Mtu alalaye tajiri aweza kuamka maskini.

Kwa sababu hizo wazee wengi siku hizi wanageuza sehemu ya ng'ombe zao kuwa nyumba za kupangisha. Na mahitaji yapo. Pale Sirari, mpakani na Kenya, wafanya biashara huhitaji vyumba vya kulala na vya kuwekea bidhaa. Mjini Mugumu wako watumishi wa wilaya, walimu, wauguzi, na vijana wanaofanya kazi ya wageni wa mbugani. Nyamongo kuna wachimbaji na mafundi waliotoka kila pembe ya nchi. Watu hao wote si wenyeji, na kila mmoja wao jioni yataka aingie mahali afunge mlango.

Basi hapo ndipo linapoingia jambo la baba mdogo.

Msomaji wa mbali huenda hajui neno "tegesha". Karibu na mgodi mkubwa wa dhahabu wa North Mara, ulioanza kazi mwaka 2002, watu walifahamu kwamba mgodi ukihitaji kupanuka, mwenye ardhi hulipwa fidia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka fidia iwe kamili, ya haki na ya wakati. Nayo huhesabu ardhi, majengo, mazao, gharama za kuhama, na hata posho ya makazi ya miezi 36, ambayo hukadiriwa kwa kodi ya nyumba ya mahali pale. Sheria hiyo ni nzuri, kwani ilikusudiwa kumlinda yule anayeondolewa kwao. Lakini wako watu waliofikiri hivi: ikiwa nyumba hulipwa, kwa nini nisijenge nyumba nyingi upesi upesi kabla mthamini hajafika? Wakajenga vyumba visivyokaliwa na mtu, wakapanda miti iliyosongamana kama nywele za kichwa, wakakaa kungoja. Kama vile mtu ategavyo panya, ndivyo walivyotega fidia. Hiyo ndiyo tegesha.

Baba mdogo naye alitega. Aliuza ng'ombe wanane. Watano walikuwa wake, na watatu walikuwa wa baba yangu, waliokuwa wamewekwa kwa ajili ya mahari ya kaka yangu mkubwa. Alimwambia baba kwamba katika mwaka mmoja watatu wale watarudi wakiwa kumi. Akajenga vyumba sita vya tofali mbichi, bila msingi, bila choo, bila dirisha, akaezeka bati kwa sababu alisikia kwamba bati huongeza bei. Mwaka ukapita, na wa pili ukapita. Wathamini hawakufika upande ule. Masika ya mwaka uliofuata ukuta wa nyuma ulilala chini. Katika vyumba vile sita hakuna binadamu aliyepata kulala hata usiku mmoja, wala hakuna awezaye kulala, na hakuna wa kulaumiwa ila sisi wenyewe. Kaka yangu mpaka leo hajaoa.

Katika mjadala wetu upande wa ng'ombe ungaliweza kusema, "Je, hamwoni? Nyumba zimewapoteza watu!" Nami ningalijibu kwamba ile haikuwa nyumba. Nyumba ni mahali pa kukaa mtu. Kitu kisichoweza kukaliwa, hata kikiwa na kuta nne na bati, ni bahati nasibu iliyokandikwa udongo. Hilo ndilo neno langu kuu katika barua hii: nyumba huleta mali kwa sababu inamfaa mtu fulani aliye hai, na ikiwa haimfai mtu, mali yake ni ya kubahatisha.

Sasa nieleze habari ya nyumba ya pili, ambayo ni ya mama.

Mdogo wangu wa kike alipochaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza alipelekwa shule ya kata iliyo mwendo wa kilometa kumi na moja kutoka kwetu. Shule ile haina bweni. Mtoto wa kike hawezi kutembea kilometa ishirini na mbili kila siku, kwenda na kurudi, kisha akawa na nguvu ya kusoma. Kwa hiyo wazazi hufanya kama wafanyavyo wengine wengi nchini: humpangia mtoto chumba karibu na shule, akakaa na wenzake bila mkubwa. Wanafunzi wenyewe huviita vyumba hivyo mageto. Mdogo wangu alikaa na wasichana wengine wawili. Mlango wao ulifungwa kwa msumari uliopindwa. Usiku mmoja mtu aliusukuma mlango ule. Kwa rehema ya Mungu wasichana walipiga kelele, majirani wakatoka, na yule mtu akakimbia. Alfajiri mdogo wangu alirudi nyumbani kwa miguu, na begi lake kichwani, akasema kwamba hatarudi tena.

Baba alisema, "Basi, akae nyumbani." Sisi wa kwetu tunajua maana ya msichana wa miaka kumi na minne kukaa nyumbani. Haukupita mwezi wazee walianza kuuliza habari zake.

Mama hakusema neno siku ile. Siku ya tatu alikwenda kwa halmashauri ya kijiji kile chenye shule akaomba kiwanja, na ombi lake likapelekwa katika mkutano mkuu wa kijiji kama sheria itakavyo, likakubaliwa na kuandikwa katika kitabu. Alikopa katika chama chake cha akina mama cha kuweka na kukopa. Tofali alizichoma yeye na shangazi zangu. Msingi ulikuwa wa mawe, kwani mawe kwetu ni mengi. Alipofikia kuezeka, fedha zilikuwa zimekwisha. Ndipo akamwendea baba mdogo, akapiga magoti kwa heshima kama ipasavyo kwa shemeji, akasema, "Shemeji, zile bati zako zinaliwa na kutu bure. Niuzie kwa bei ya kudugu, nitakulipa kidogo kidogo." Baba mdogo alinyamaza sana, kisha akasema, "Zichukue." Bati zilizokuwa zimetegwa kungoja fidia sasa zinawakinga mvua wasichana sita na walimu wawili.

Mama ana vyumba vinne. Viwili wanakaa walimu wa shule ile, kila mmoja chake, na viwili wanakaa wasichana, watatu watatu. Kila mlango una komeo la chuma kwa ndani na kufuli kwa nje. Mmoja wa walimu wale ni mama mtu mzima, na mama yangu alimpunguzia kodi ili awe jicho la wale wasichana usiku. Mdogo wangu leo yuko Kidato cha Tatu. Kiasi cha kodi sitakitaja, kwani si changu kukitangaza. Ila najua kwamba mkopo wa chama umelipwa, na likizo iliyopita niliona ndama mmoja jike zizini, aliyenunuliwa kwa fedha za vyumba. Mama anasema atakuwa wa kwanza katika wale watatu wa kaka. Kumbe nyumba nayo huzaa!

Hapa najua mwenzangu mmoja atasimama, kama alivyosimama siku ya mjadala, aseme kwamba kodi ya nyumba ni unyonyaji. Neno lake si la kupuuzwa. Sisi wa Mkoa wa Mara ni majirani wa Butiama, na Mwalimu Nyerere aliliona jambo hilo kuwa zito. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi wa TANU na wa Serikali kuwa na nyumba ya kupangisha wengine. Aprili 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, nayo yakawekwa chini ya Msajili wa Majengo. Sharti lile la viongozi lililegezwa mwaka 1991, katika maamuzi ya chama yaliyofanywa Zanzibar. Kwa hiyo leo kupangisha si kosa kwa kiongozi wala kwa mwananchi.

Lakini kuruhusiwa na sheria ni jambo moja, na haki ni jambo lingine. Mimi naona lile lililochukiwa ni mtu mmoja kuishi kwa jasho la mwingine pasipo kumpa kitu chenye thamani sawa. Mwenye nyumba anayedai kodi ya mwaka mzima mbele, kisha bomba likipasuka haonekani, huyo ni kupe, hata kama nyumba yake ni ghorofa. Na aliyempangisha mtoto wa shule chumba cha mlango wa msumari alipokea fedha, naye akatoa hatari. Kinyume chake, mtu anayetengeneza paa, anayechimba choo, anayehakikisha maji, anayetoa stakabadhi, huyo anafanya kazi kama mkulima afanyavyo, na kodi ni mavuno yake.

Tufanye hesabu ya mfano, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Tuseme mtu amejenga vyumba vinne kwa shilingi 12,000,000, na kila chumba kodi yake ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Kwa mwaka atapata 1,440,000. Lakini asijidanganye! Vyumba huwa vitupu nyakati nyingine. Tuseme kila chumba hukosa mtu miezi miwili, atapungukiwa 240,000. Matengenezo na kodi za Serikali tuweke 200,000. Kitakachobaki ni 1,000,000. Maana yake gharama yake itarudi baada ya miaka kumi na miwili. Mtoto aliyezaliwa siku ya kuchimba msingi atakuwa darasa la mwisho au la kabla ya mwisho katika shule ya msingi. Anayekwambia kwamba nyumba ya kupangisha hutajirisha mtu katika mwaka mmoja anakudanganya, au amedanganywa. Faida yake ni ya haba na haba, nayo huja kwa mtu mvumilivu.

Tena mtu asijenge kwa kutegemea jambo moja tu. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, watalii walipungua sana nchini, na aliyekuwa akitegemea kazi za wageni peke yake alijua shida. Dhahabu nayo, kama mali zote za kuchimbwa, siku moja itakwisha. Lakini walimu na wanafunzi hawaishi. Penye shule patakuwa na mpangaji maadamu watoto wanazaliwa.

Kwa kumalizia, nawasihi wenzangu ambao kesho tutakuwa wazazi, na wazee watakaosoma gazeti hili mikononi mwa watoto wao, wayafikirie mambo manne.

La kwanza, tusiuze zizi lote. Ng'ombe wachache wenye afya na vyumba vichache vyenye watu vyaweza kusaidiana, kimoja kikilegea kingine kikashika.

La pili, tujenge mahali panaporuhusiwa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imetenga meta 30 kila upande wa barabara kuu, kuhesabu kutoka katikati. Anayejenga ndani ya eneo hilo, mathalani kando ya barabara ya Tarime kwenda Sirari, ajue kwamba siku moja ataona alama ya X nyekundu ukutani. Ardhi ya kijiji iombwe kijijini, na haki yake iandikwe kwa hati ya kimila. Maneno ya mdomo hufa pamoja na waliosema.

La tatu, jina la mama liandikwe. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zimempa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Kwetu jambo hili bado ni gumu, nami nalisema kwa heshima mbele ya wazee wangu. Lakini nauliza, kama kiwanja kile kingaliandikwa kwa jina la mwanamume mwenye haraka ya kutega, vyumba vile vinne vingekuwapo leo?

La nne, mwenye nyumba na mpangaji waandikiane. Iandikwe kodi ni kiasi gani, nani atatengeneza nini, na notisi ni ya muda gani. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, kwa hiyo mara nyingi mpangaji ndiye anayeilipa bila kujua kwamba si deni lake. Mwenye nyumba mwaminifu humpunguzia katika kodi ya chumba. Ni fedha ndogo, lakini urafiki wa watu huvunjwa na fedha ndogo.

Hayo ndiyo niliyotaka kuyasema kengele ilipolia. Baba mdogo amesoma barua hii kabla sijaileta kwako, Bwana Mhariri, kwani nisingaliweza kuandika habari zake bila idhini yake. Aliisoma mara mbili. Kisha akaniuliza kama vyumba vile vyake sita, vikibomolewa na kujengwa upya juu ya msingi wa mawe, vyaweza kupata wapangaji. Nilimjibu kwamba hilo lategemea kama kuna mtu anayehitaji kukaa pale. Alisema atakwenda kuuliza. Kama angaliuliza hivyo kabla ya kuuza ng'ombe wale wanane, kaka yangu angekuwa na watoto sasa.

Wako katika masomo,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne